Nyumba Iliyoandika Watu: Safari ya Kwenda Ofisi ya Zamani ya PC, Nairobi

Katikati ya mji wa Nairobi, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, kuna nyumba ya mawe ya zamani, si ndefu, imezungukwa na magorofa na makelele ya matatu. Ilijengwa mwaka 1913. Waingereza waliijenga iwe ofisi ya kushughulikia "mambo ya wenyeji", yaani mambo ya Waafrika. Baadaye ikawa ofisi ya PC, Mkuu wa Mkoa, na watu wa Nairobi mpaka leo wanaiita hivyo hivyo: Old PC's Office. Mwaka 1995 ikatangazwa kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa, na sasa ni makumbusho, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, inaitwa Nairobi Gallery.

Ndugu zetu wa Nakivale, na nyinyi wa Kakoba pale Mbarara, mnaweza kuuliza: nyumba ya Nairobi inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Nyumba hiyo ndiyo iliyoandika watu. Mtoto akizaliwa, aliandikwa humo. Watu wakioana, waliandikwa humo. Mtu akifa, aliandikwa humo. Wazungu wa zamani waliipa jina la utani la kuchekesha, maneno matatu yenye vina, maana yake ni kama kusema nyumba ya kuzaliwa, kuoana na kufa. Na sisi, kama kuna watu duniani wanaojua maana ya kuandikwa, ni sisi. Tumeandikwa mpakani, tumeandikwa kwenye kituo cha mapokezi, tumeandikwa Base Camp, na kesho tutaitwa tena kuandikwa.

Baadhi yetu katika kikundi tulipata nafasi ya kwenda Nairobi kwa mafunzo ya vijana, tukiwa na hati za kusafiria za wakimbizi. Mafunzo yalipoisha ilibaki siku moja. Wengine walitaka kwenda sokoni Gikomba, wengine walitaka kulala tu. Tukakubaliana asubuhi twende makumbusho, mchana Gikomba. Haya tunayoandika ni yale tuliyoyaona, tuliyoyasoma baadaye, na yale tuliyojadiliana usiku kucha kwenye basi la kurudi Kampala.

Sifuri ya nchi

Kitu cha kwanza: nyumba hii ndiyo sifuri ya Kenya. Wakati wa ukoloni, umbali wa barabara za nchi ulipimwa kuanzia hapo. Ukiambiwa mji fulani uko kilomita kadhaa kutoka Nairobi, kipimo kilianzia kwenye nyumba hii.

Ukikaa na jambo hili kidogo, unaelewa kitu kuhusu utawala. Mtu mwenye ofisi ndiye anayeamua sifuri iko wapi. Nairobi yenyewe haikuwa mji wa zamani kama Mombasa au Lamu. Ilianza kama kambi ya reli. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na wajenzi walihitaji mahali pa kuweka vyuma, magogo, na watu, kabla ya kupanda milima. Kambi! Ndiyo, mji mkubwa wa jirani zetu ulianza kama kambi, na mahema, na foleni za maji. Reli yenyewe waliiita Reli ya Uganda, maana huko ndiko ilikokuwa inaelekea, na ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Wakati reli inajengwa, Uganda ilikuwa inafika mpaka Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walichukua lile jimbo la mashariki la Uganda, wakaliingiza upande wa pili, kwenye ile nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mtu wa Kisumu aliyebeba godoro kichwani siku hiyo. Walilala Uganda, wakaamka kwingine. Sisi tulivuka mpaka, wao mpaka uliwavuka. Tukiwaambia wadogo zetu kwamba mipaka si mito wala milima, ni mistari iliyochorwa ofisini, mfano ni huo.

Kipande

Kuandika watu kuna sura mbili, na historia ya Nairobi inazionyesha zote.

Sura ya kwanza ni nzuri. Mtoto aliyeandikwa ana jina, ana tarehe, ana mama na baba kwenye karatasi. Mjane mwenye cheti cha ndoa anaweza kudai shamba. Yatima mwenye cheti cha kifo cha baba yake anaweza kuthibitisha kwamba ni yatima. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnajua kazi inavyokuwa ngumu mkikutana na mtoto ambaye hana hata karatasi moja inayosema alizaliwa.

Sura ya pili inaitwa kipande. Neno ni la Kiswahili chetu: kipande, kipande tu cha karatasi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1919, ikaanza kutekelezwa kweli kweli. Mwanaume wa Kiafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa awe na kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, tajiri aliyemwajiri, mshahara, na siku aliyoanza na kuacha kazi. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, ulikuwa mtoro, na polisi walikutafuta. Karatasi yenyewe iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, na watu walikivaa shingoni kwa kamba. Wazungu hawakuvaa. Wahindi hawakuvaa. Wazee wa Kenya waliokivaa walisema walijiona kama mbuzi waliofungwa kengele.

Mwaka 1921 kijana mmoja aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya serikali Nairobi, Harry Thuku, alianzisha chama kilichoitwa East African Association. Angalia jina hilo: si chama cha kabila, ni cha Afrika Mashariki. Alipinga kipande, alipinga kodi, alipinga kupunguzwa kwa mishahara, alipinga wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, na tarehe 16 Machi polisi wakapiga risasi. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, ndiye aliyewachochea wanaume waliotaka kurudi nyuma, na aliuawa pamoja na wengine. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walisema walikuwa zaidi ya hapo.

Sasa ndugu zetu Wasomali wa Nakivale, sikilizeni: Thuku alipelekwa wapi? Kismayu. Wakati huo Kismayu ilikuwa bado chini ya Waingereza wa Kenya. Miaka mitatu baadaye, 1925, waliwapa Waitalia eneo lile lote la Jubaland. Basi yule kijana wa Nairobi alifanywa mtu wa kuhamishwa kwa nguvu, akapelekwa katika mji ambao leo wengi wenu mmeukimbia. Alikaa kizuizini na kuhamishwahamishwa kwa zaidi ya miaka minane, kwa sababu alisema kikebe kitoke shingoni.

Hatusemi kwamba kadi zetu ni kipande. Si haki kusema hivyo. Kipande kilitengenezwa ili mtu asiondoke kwa tajiri. Karatasi yetu ya familia imetengenezwa ili tusirudishwe kwenye vita, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, jambo ambalo wenzetu katika nchi nyingi wanalililia. Lakini tunasema hivi: alama ya kidole ni ile ile. Mwaka 2018 Uganda pamoja na UNHCR walituhakiki upya nchi nzima, vidole juu ya mashine, macho mbele ya kamera. Karatasi ikikulinda ni kwa sababu sheria iliyo nyuma yake ni nzuri. Karatasi yenyewe haina upande. Ndiyo maana kila mkimbizi kijana anapaswa kujua sheria iliyo nyuma ya kadi yake, siyo namba tu.

Ndani ya nyumba

Ukiingia, kuna ukumbi wa katikati wenye kuba juu, mwanga unashuka kutoka huko, na vyumba vimeuzunguka. Ni kimya. Hiki ndicho kitu kilichotushangaza zaidi kuliko vyote, ule ukimya. Ofisi ya serikali isiyo na foleni! Hakuna mtu anayekuambia rudi kesho. Hakuna dirisha linalofungwa saa sita mchana. Dada mmoja wetu alisimama katikati ya ukumbi, akanong'ona: "Kwa hiyo ofisi nayo huwa inakufa."

Vitu vingi vinavyoonyeshwa humo vilikusanywa na mtu mmoja na mke wake, Joseph na Sheila Murumbi. Kuna nguo, vito, vinyago, stempu za posta, vitu kutoka karibu kila upande wa Afrika. Ni vizuri mno. Ndugu zetu Wakongo walikaa muda mrefu mbele ya kazi za mikono ya kwetu, wakibishana hii ni ya wapi na ile ni ya nani.

Murumbi mwenyewe tunataka mumjue. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmasai. Alisoma India. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi Somalia. Aliporudi Kenya aliingia katika siasa za kudai uhuru, na viongozi walipokamatwa mwaka 1952 yeye alibaki kushika kazi ya chama. Mwaka 1953 akaondoka, akaishi London mpaka 1962. Yaani alikuwa uhamishoni, kama sisi. Baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa makamu wa rais kwa muda mfupi, kisha akajiuzulu.

Lakini kazi anayokumbukwa nayo zaidi leo siyo ile ya umakamu wa rais. Ni kwamba alikuwa anaweka vitu. Vitabu, barua, magazeti, nguo, stempu. Mwaka 1972 alishirikiana na Mmarekani mmoja, Alan Donovan, kuanzisha nyumba ya sanaa iliyoitwa African Heritage. Maelfu ya vitabu vyake sasa viko kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya, na hilo nalo ni jengo la zamani lililokuwa benki, pale Moi Avenue. Mtu aliyeishi miaka tisa uhamishoni ndiye aliyeijaza nchi yake kumbukumbu. Hatudhani ni bahati tu. Mtu aliyepoteza nyumba anajua thamani ya kijiko.

Hata hivyo, siku ile kuna kitu tulikitafuta hatukukiona. Kaka mmoja wetu alimuuliza dada aliyekuwa anatutembeza, kwa heshima kabisa: "Dada, samahani, wale watu waliopanga foleni hapa kuandikisha watoto wao, wako wapi?" Dada yule alifikiri kidogo, akasema: "Majina yao yaliandikwa kwenye vitabu. Lakini wao wenyewe, walichokuwa wanaongea wakisubiri, nani angekiandika?"

Jibu hilo ndilo tulilolibeba mpaka Mbarara. Ofisi huandika jina, tarehe, na namba. Haiandiki kwamba mama alitembea siku mbili akiwa na mtoto mgongoni ili afike kwenye dirisha. Haiandiki kwamba karani alikosea jina na mtoto akaishi nalo maisha yake yote. Nyumba imebaki, foleni imepotea.

Jirani yake

Ukitoka nje ya makumbusho, ukitazama juu, unaona gorofa refu la rangi ya kahawia: Nyayo House. Hilo halijawa makumbusho, bado ni ofisi. Idara ya uhamiaji iko humo. Watu wanaingia asubuhi kutafuta pasi za kusafiria na vibali. Wageni wengi waliowahi kuishi Nairobi wanalijua jengo hilo.

Chini yake kuna vyumba vingine. Katika miaka ya 1980, hasa msako wa 1986 na 1987 dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya, wanafunzi, walimu, waandishi wa habari na wanasiasa waliteswa katika vyumba vya chini vya jengo hilo. Watu walikuwa wanapanga foleni ya pasi juu, huku chini mwenzao amefungwa gizani, amesimama ndani ya maji. Mwaka 2003, baada ya serikali kubadilika, vyumba hivyo vilifunguliwa wananchi wakavione. Baadaye mahakama za Kenya zikawapa baadhi ya waathirika haki ya kulipwa fidia.

Tulisimama kwenye kona ile, nyumba ya 1913 upande mmoja na Nyayo House upande wa pili, tukajadiliana. Kwa nini leo tunajua kilichotokea chini ya Nyayo House? Siyo kwa sababu ofisi iliandika. Ofisi ilificha. Tunajua kwa sababu waliofungwa humo walitoka wakasema, wakaandika, wakataja siku na rangi ya kuta, wakasimama mbele ya jaji. Walikuwa wachache, lakini walisema. Na foleni za nyumba ya 1913 hazijulikani sana, ingawa waliopita hapo walikuwa maelfu kwa maelfu, kwa sababu wao waliona ni jambo la kawaida tu. Nani anaandika habari za kusubiri?

Sisi tunaandika. Au tuseme, sisi tunapaswa kuandika.

Huku kwetu Uganda

Turudi nyumbani, maana kwa sasa nyumbani ni huku.

Makumbusho ya Uganda ni ya zamani sana, yalianza mwaka 1908. Na yalianza wapi? Kwenye ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala. Ngome ya askari, jengo la utawala, likageuka kuwa mahali pa kuweka vitu vya watu. Waganda wa wakati huo waliita mahali pale nyumba ya mayembe, kwa sababu vitu vingi vilivyowekwa humo vilikuwa vya ibada za jadi, vilivyochukuliwa kwa wenyewe. Makumbusho yalihama, na tangu 1954 yako Kitante, Kampala. Mwaka 2024 vitu 39 vilivyokuwa vimekaa Uingereza, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, vilirudishwa Kampala, ingawa kwa mkataba wa kuazima. Yaani hata nchi yenye serikali, bendera na mabalozi inasubiri miaka mia moja kuona vitu vyake tena, na bado inaambiwa ni vya kuazima. Sisi ambao hatuna balozi wa kutusemea, tusisubiri mtu mwingine atuwekee vitu vyetu.

Tena sisi si wakimbizi wa kwanza wa nchi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, maelfu ya Wapolandi waliletwa Uganda, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao na utawala wa Kisovieti, wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, wakapanda meli mpaka Mombasa, kisha treni. Waliwekwa kwenye makambi mawili, Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja karibu na Ziwa Victoria. Walikaa miaka kadhaa, wakaondoka kwenda Uingereza, Australia, Kanada na kwingine. Walichoacha Nyabyeya ni kanisa la matofali walilolijenga wenyewe, limesimama mpaka leo, na makaburi yenye majina. Ofisi za kambi zao ziko wapi? Hatukusikia mtu anayetembelea ofisi. Watu wanatembelea kanisa na makaburi, vitu ambavyo wakimbizi wenyewe walivijenga kwa mikono yao na kuviandika kwa lugha yao.

Halafu kuna Nakivale. Makazi yetu yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wanaingia. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote Afrika. Ni ya zamani kuliko uhuru wa Uganda wenyewe, uliopatikana 1962! Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani. Watoto wamezaliwa, wamekuwa babu na bibi, wamezikwa. Lugha nyingi zimekutana kwenye bomba moja la maji, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha tukagawana zamu.

Kwa muda wote huo, ukiuliza historia ya Nakivale iko wapi, utaambiwa iko kwenye ripoti. Ripoti ni nzuri, tunawashukuru wanaoziandika. Lakini ripoti inasema watu wangapi, vyoo vingapi, kilo ngapi za unga. Mgeni akienda Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, pale Igongo atakuta makumbusho ya watu wa Ankole: vibuyu vya maziwa, mikuki, nyumba za nyasi. Akija Nakivale hakuna chumba hata kimoja kinachomwambia sisi ni nani.

Siku itafika, hatujui lini, Base Camp nayo itakuwa kimya kama ile nyumba ya Nairobi. Amani itarudi, au watu watapata uraia, au kazi itahamia mahali pengine. Labda mtu mwema atasema jengo hili la usajili tuligeuze makumbusho. Ataweka nini ndani? Kama hakuna mtu aliyeweka kitu, ataweka kompyuta kuukuu, bango lenye nembo za wafadhili, na hesabu za watu. Watoto wa watoto wetu wataingia, watasoma namba, watatoka bila kutuona.

Basi tufanye nini

Tulipofika Kakoba tulikaa chini na wenzetu ambao hawakusafiri, tukakubaliana mambo machache ambayo hayahitaji bajeti.

La kwanza, karatasi za zamani zisitupwe. Kadi ya chakula iliyokwisha muda, ripoti ya shule ya kijijini kwetu, cheti cha ubatizo, kibali cha zamani cha kusafiri, tiketi ya basi uliyokuja nayo. Ipige picha vizuri pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua. Karatasi yenyewe ibaki kwako. Kikundi hakichukui karatasi ya mtu yeyote.

La pili, nyuma ya kila kitu kuwe na maneno matatu ya kwako: nini, lini, wapi. Jeriken tupu ni jeriken tu. Jeriken yenye maandishi kwamba mama aliibeba kutoka Bunagana mwaka 2012 mpaka Nakivale ni historia.

La tatu, wazee. Wako wazee Nakivale waliofika wakiwa vijana kama sisi. Ukimtembelea babu au bibi, mpelekee sukari, kaa chini, mwombe ruhusa, kisha rekodi kwa simu. Usimuulize tu habari za vita. Wazee wanachoka kuulizwa vita. Muulize mlipanda nini mwaka wa kwanza. Muulize harusi ya kwanza kambini ilikuwa ya nani na mlicheza ngoma gani. Muulize mlipokuwa mnasubiri mlikuwa mnaongea nini. Hilo ndilo swali la Nairobi.

La nne, na hili ni zito: tulindane. Wapo kati yetu waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta. Usiweke mtandaoni namba ya kadi ya mtu, sura ya mtu, wala jina la kijiji chake bila yeye kukubali, na akikubali leo akakataa kesho, toa. Kumbukumbu inayomhatarisha mwenyewe haina tofauti na kipande.

La tano ni kwenu wafanyakazi wa mashirika, dada na kaka zetu mnaotusoma. Mkifunga ofisi, mkibadilisha mabango, mkitaka kuchoma picha za zamani na madaftari yasiyo na siri za watu, tuulizeni kwanza. Na mkimhoji mtu kwa ajili ya ripoti, mrudishieni nakala. Wengi wetu tumehojiwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na hatujawahi kusoma tulichosema.

Tumepata sanduku moja la bati, lenye kufuli. Mpaka sasa lina vitu sita: kijiko cha mti, kitambaa cha kichwa, kitabu cha nyimbo kilicholowa mvua, nusu ya tiketi, ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena, na daftari la mtoto wa darasa la pili lenye jina lililoandikwa jinsi mama yake anavyolitamka, siyo jinsi lilivyo kwenye kadi. Wenye vitu hivyo waliamua wenyewe kuviweka, na wanaweza kuvichukua siku yoyote.

Kila Jumamosi jioni tunafungua sanduku. Ukiwa na cha saba, njoo nacho.